Mbeya Ambayo Sikwenda

Tangu nimalize kidato cha nne sijakaa mahali pamoja. Nimeuza vitenge Songea, nimepika mgahawani Kigoma, na hadi leo nikisikia harufu ya mvua ya kwanza kwenye vumbi, moyo unaanza kufunga mizigo. Kwa hiyo nilipowaaga majirani zangu wa Keko kwamba naenda Mbeya kwa miezi miwili, hakuna aliyeniuliza kitu.

Sikwenda Mbeya. Nilikuwa hapahapa Dar, kwa dada yangu Kibamba, baada ya madaktari kuliondoa titi langu la kushoto lililokuwa na saratani na kuweka kifuko cha silikoni chini ya ngozi. Siku ya kurudi nilipitia sokoni nikanunua mchele na viazi, nikavigawa kama zawadi za safari. Wakasifu mchele wa Mbeya unavyonukia.

Aliyesifu zaidi ni jirani wa mlango wa pili, anayeshona na kujaza mito ya makochi kwa mafundi wa barabarani. Wiki ileile aliniita chumbani kwake, akashika mkono wangu na kuuweka kwenye titi lake. Kulikuwa na kitu kigumu kama kokwa ya zambarau. Alisema hospitali haendi. Huko wanakata, naye hamjui hata mmoja aliyekatwa akabaki mwanamke.

"Wewe umetembea nchi hii, shoga. Umewahi kumwona?"

Nikasema sijamwona.

Niliogopa nini? Kwamba wangenitazama kifuani kila nikienda bombani. Kwamba uongo wa mchele ungejulikana. Hayo tu. Kwa hayo nilimwacha anywe dawa za mizizi, na kila Ijumaa nikamjulia hali kwa sauti ya mtu mwema.

Baada ya miezi mitatu nilimwona anabeba jora la kitambaa kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa unamuuma hadi kwapani. Nikamvuta ndani kwangu, nikafunga mlango, nikafungua blauzi.

Alilitazama kovu, kisha akalibonyeza titi kwa dole gumba, vilevile anavyopima mto kabla ya kuupeleka kwa fundi.

"Hili halitalala hata ukizeeka," alisema, akacheka, halafu akaketi kitandani akalia. "Twende lini?"

Tulikwenda Jumatatu. Daktari alimuuliza uvimbe aliuona lini. Akahesabu kwa vidole, akasema ni mwezi wa nne huu. Daktari akauliza, bila ukali, kwa nini alichelewa hivyo.

Nilikuwa nimekaa pembeni, nimepakata mkoba wake. Hakunitazama.

"Sikuwa na mtu wa kuniambia," alisema.

Daktari akaandika.