Glenys Yuko Bafuni

Glenys Hesketh alikaa bafuni siku tatu, miji mitatu, kabla mkaguzi wa tiketi hajamtoa.

Aliingia huko Liverpool, asubuhi ya kwanza ya likizo. Mhudumu wa hoteli aliona meza ya wawili ina mtu mmoja, akauliza, "Mama anashuka?" Clifford Hesketh, fundi mstaafu wa mitambo ya kupasha joto mashuleni, mtu ambaye uongo wake mkubwa maishani ulikuwa kusifia keki za dada yake, akajibu, "Yuko bafuni." Akala mayai ya wote wawili. Manchester ikawa vilevile. Leeds akapata ufundi, akaongeza, "Nywele zinamsumbua."

Glenys alikuwa amekufa Julai, wiki tatu baada ya kukata tiketi zote yeye mwenyewe, kama alivyofanya kwa miaka thelathini na moja: wiki moja ya Septemba, mji kwa mji, kwa treni. Majirani zao wa Preston huenda Hispania kuunguzwa na jua. Hawa wawili walikwenda Leeds kunyeshewa, na wakarudi wanajisifu. Msibani binti yao ndiye aliyepiga simu zote. Clifford alichemsha chai. Lile neno lenyewe, "amekufa", lilikuwa halijamtoka kinywani hata mara moja, na alikusudia limalize likizo bila kumtoka.

Kutoka York treni ya kwenda Edinburgh ilijaa. Clifford alikaa kiti cha upande wa njia. Kiti cha dirishani alikiwekea koti la mvua la Glenys, maana dirisha lilikuwa na sheria: kwenda kaskazini ni la Glenys mpaka daraja la Durham, kisha wanainuka, wanabanana, wanabadilishana. Hata mwaka walionuniana safari nzima, walibadilishana kimyakimya.

"Kuna mtu hapo, kaka?" Alikuwa mama mmoja mwenye magoti yaliyofungwa bandeji na kikapu kizito.

"Mke wangu. Yuko chooni."

"Oo, samahani," akasema, macho yakiwa kwenye koti, akasimama. Waingereza ndivyo walivyo. Ukiwaambia kiti kina mwenyewe, wataliomba radhi hata koti.

Dakika tano baadaye kipaza sauti kikatangaza kwa masikitiko kwamba vyoo vyote vya treni vimefungwa tangu York. Behewa zima likajua. Behewa zima likasoma gazeti.

Walipoipita Darlington akaja mkaguzi, kijana mnene aitwaye Imran. Akaitazama kadi ya punguzo yenye picha mbili.

"Kadi hii ni ya wawili wanaosafiri pamoja, mzee. Mwenzio yuko wapi?"

"Chooni."

"Choo kimefungwa, mzee wangu. Mimi ndiye niliyekifunga."

"Basi kile kingine."

"Nacho nimekifunga."

Magazeti hayakufunguliwa ukurasa mwingine. Treni ikapunguza mwendo, na kule juu ya kilima kanisa kuu la Durham likajitokeza. Zamu ya Clifford dirishani ilikuwa imefika, na ili ahamie ilimbidi aliondoe koti.

"Amekufa," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba sukari. "Julai. Glenys alikufa Julai."

Imran akaigeuza kadi nyuma, mbele, tena nyuma. Bila mtu wa pili haikuwa na maana, na kazi yake ilikuwa kumwandikia faini.

"Pole sana, mzee." Kisha akahamia hali ya hewa, kama Uingereza inavyotakiwa jambo likiwa zito: "Edinburgh nasikia kuna jua."

"Kumbe?"

"Mpaka saa tisa hivi."

Akatoboa tiketi zote mbili, akaondoka haraka kama mwizi.

"Yaani umenisimamisha magoti haya kwa ajili ya koti?" mama wa kikapu akauliza.

"Samahani, dada."

"Usiniombe samahani, nitalia, na nimejipaka wanja."

Clifford akalikunja koti mapajani, akasogea dirishani. Kiti kilikuwa cha baridi. Mama akajishusha kwenye kile alichokiacha, akahema, akasema anaitwa Norma. Clifford akampa kifurushi cha sandwichi za mayai.

"Nimetengeneza za wawili. Mikono tu, imezoea."

Norma akala. Mbele yao kidogo madaraja yakatokea, moja baada ya jingine, na maji ya kijivu chini yake.

"Mto Tyne huo," Clifford akasema, akielekeza kidole.

"Kaka, mimi nimezaliwa hapo."

"Na yeye alikuwa anaujua," akasema. Kidole kilibaki kwenye kioo. "Miaka thelathini na moja. Alikuwa ananiacha niseme tu."