Nilimsalimia Mama Kulwa

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyogombana na kijiji kizima, na mpaka leo sijaomba radhi.

Nilikuwa mke mgeni katika kijiji kimoja upande wa Kharumwa. Wanaume wetu walichimba dhahabu kwenye duara moja, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Mara dhahabu ikakatika. Kila wakipandisha mawe, mawe matupu. Njaa ikabisha hodi, na mwenye njaa hakosi wa kumlaumu. Mmoja akasema ni Mama Kulwa, mjane mwenye pacha wachanga, ati alileta mkosi kwa kupita karibu na duara kabla hajamaliza matanga ya mumewe. Kufika jioni, kila mtu alikuwa anajua habari hiyo kama aliyekuwepo.

Mkutano ukaitwa, akatengwa. Unakujua kutengwa? Husalimiwi, hugawiwi moto, huchoti maji kisimani. Na kilikuwa kiangazi. Mama anayenyonyesha wawili akikosa maji, maziwa yatatoka wapi?

Nikasimama. Nikauliza, "Nani alimwona kwa macho yake?"

Mwenyekiti wa mkutano akacheka. "Lisemwalo lipo, mke wetu. Kaa chini."

Mama mkwe akanivuta kitenge. "Ng'wanawane, mwanangu, wengi wape. Watatutenga na sisi."

Nilikaa, lakini sikuwapa.

Asubuhi, kisima kimejaa wanawake, Mama Kulwa akaja na ndoo yake, pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Wote wakageuza nyuso. Mimi nikapaza sauti kama ninayeita ng'ombe: "Mwangaluka, mayu!" Ni salamu yetu ya asubuhi tu, lakini siku ile ilitosha kuwa kosa. "Mwangaluka," akaitikia polepole. Nikaichukua ndoo yake, nikaijaza mbele yao, nikamtwisha.

Basi tukatengwa nyumba nzima. Mama mkwe alininunia weee! Kisha siku moja, bila kuambiwa, akamfunga Doto, yule pacha wa pili, mgongoni mwake, tukaenda na Mama Kulwa, wote watatu, kufukua maji kwenye mchanga wa mto mkavu. "Ng'ombe haelemewi na nunduye," akasema, na huo ndio ukawa mwisho wa kununa.

Na dhahabu? Haikurudi. Walihama duara, wakaanza kutusalimia kama vile hakuna kilichotokea. Samahani sijaisikia hadi leo. Doto ndiye aliyeleta maziwa mgando hayo unayokunywa.

Siku hizi mnahukumu kwenye simu kabla uji haujapoa. Sasa sikiliza. Usimhukumu mtu wakati una njaa au uchungu, maana wakati huo hutafuti ukweli, unatafuta wa kumpiga. Uliza nani aliona. Ukijibiwa "wanasema", hapo hakuna kesi. Na hata akiwa na kosa kweli, tazama adhabu itamwangukia nani. Pacha wale hawakupita popote. Kundi likikukataza kumsalimia mtu, msalimie kwa sauti. Wengi wape mbegu, wape chumvi, wape hata nafasi kwenye benchi. Dhamiri yako usiwape.

Mungu akupe shingo ngumu, mwanangu. Na siku wewe ukigeuziwa nyuso, akupe mtu mmoja wa kukuita jina.