Disketi Niliyoipeleka Jambiani

Nianze kwa kukiri ujinga wangu mwenyewe, kabla hamjausikia kwa wengine ukiwa umeshatiwa chumvi. Niliitoa ripoti ya serikali mjini nikaipeleka mpaka Jambiani ikiwa ndani ya disketi, nikawakabidhi wanawake wanaolima mwani, katika nyumba isiyokuwa hata na taa ya umeme. Kisha nikasimama mlangoni nikingoja kushukuriwa. Nyumba yenyewe si ngeni kwangu. Ndimo nilimolelewa, na taa zake za mafuta nimezifuta masizi kwa mikono yangu hii.

Kwa kawaida mimi si mtu wa safari. Safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi barazani, na nikifika barazani hupumzika. Bi Riziki, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Ng'ambo, huniambia nitaota mizizi. Lakini mwaka ule, intaneti ilipokuwa bado kitu cha kusimuliana, niliitwa na mtu nisiyeweza kumkatalia.

Aliyeniita ni shangazi yangu, Bi Mwanakheri, dada wa marehemu baba, aliyenilea mpaka nikamaliza kidato cha nne. Yeye na wenzake walikuwa wamepokea barua ya kuitwa mkutanoni. Barua ilisema kwamba, kwa mujibu wa utafiti uliofanywa na serikali, wakulima wa mwani wa upande wao wameridhia kuyahama mashamba yaliyo mbele ya hoteli, ili wageni wapate pa kuogelea. Shangazi alikumbuka kweli walikuja watu na madaftari, wakauliza maswali siku tatu, wakapiga picha, wakaondoka. Hawakurudi tena. Alilolikataa ni hilo la kuridhia. Akamtuma mpwa wa jirani yake aje mjini aniambie: "Mwambie Hamadi, yeye aliyesoma, atutafutie hicho kitabu. Nataka nione mahali niliposema hivyo."

Mkutano ulikuwa baada ya siku mbili. Shamba la shangazi lilikuwa la katikati kabisa, mbele ya hoteli. Likiondoka hilo hana jengine.

Asubuhi ya siku ya kwanza nilivuka Darajani nikaingia Mji Mkongwe. Redioni nilikuwa nimesikia kwamba tafiti za serikali sasa zinawekwa kwenye intaneti, mtu yeyote asome, bila barua ya ruhusa wala kumjua mtu ofisini. Nilikuwa na wasiwasi na hiyo "mtu yeyote." Katika umri wangu wote, kila karatasi ya serikali niliyoitaka niliambiwa nirudi Jumatatu.

Duka la intaneti lilikuwa kichochoroni, chini ya nyumba ya ghorofa yenye mlango wa nakshi na ngazi iliyomeguka. Mwenyewe, Bwana Nasri, zamani alikuwa fundi wa redio, na redio mbovu bado zilikuwa zimepangwa nyuma ya kompyuta zake nne kama wazee waliokuja kutazama. Nikamueleza shida yangu. Akabofya, akangoja, akabofya tena. Tukanywa kahawa. Kurasa zikawa zinashuka kidogo kidogo kama pazia bovu.

"Hii hapa," akasema. "Mwani, pwani ya kusini mashariki."

Nikashangaa nusura nimwage kahawa. Hakuna aliyeniuliza mimi nani, wala ninaitakia nini. Chini yake palikuwa na orodha ndefu ya tafiti nyengine: karafuu, shule, hata mitaro ya maji ya mvua ya Ng'ambo. Hiyo ya mitaro nikaipita, nikisema nitairudia siku nyengine.

"Nikuchapishie?" akaniuliza Bwana Nasri.

Hapo ndipo lilipoingia shetani la majivuno. Pembeni alikaa mtu mwenye tai, ananitazama. Nikajibu kwa sauti ya kumfikia: "Karatasi za nini zama hizi? Nitilie kwenye disketi."

Bwana Nasri aliniangalia kidogo, akatia.

Saa saba mchana nilipata lifti ya gari iliyopeleka saruji upande wa kusini. Dereva, mtu wa Tumbatu, mwembamba na mwingi wa maneno, aliniweka mbele pamoja naye. Baada ya Tunguu aliniuliza nimebeba nini, maana kila dakika naugusa mfuko wa shati.

"Ripoti ya serikali," nikamwambia.

"Humo mfukoni?"

"Kurasa tisini zimo humu."

Akakiangalia kile kipande cha plastiki kilichochungulia mfukoni, akarudisha macho barabarani. Tukaupita msitu wa Jozani, kima punju wakiruka juu ya vichwa vyetu, ndipo aliposema, "Serikali imekuwa nyepesi siku hizi."

Kutoka Paje barabara ilikuwa ya mashimo na mawe. Niliteremka Jambiani alasiri, mweupe kwa vumbi la saruji, na mgongo ukinilaumu kwa kuutoa nyumbani.

Shangazi alikuwa uani na wenzake watano, wanafungua kamba za mwani mkavu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mweupe hivyo, umekufa?" Wenzake wakacheka. "Haya, kitabu kiko wapi?"

Nikaitoa disketi kwa mikono miwili. Ikapita kutoka kiganja hadi kiganja. Mmoja akaitikisa sikioni. Mwengine akakisukuma kile kijilango chake cha chuma, kikarudi chenyewe, akakisukuma tena.

"Inafunguka huku," akasema.

"Inasomwaje?" akauliza shangazi.

"Inatiwa kwenye kompyuta."

"Kompyuta iko wapi?"

Kuku alipita katikati yetu, na namshukuru mpaka leo, maana kila mtu alipata pa kutazama.

Shangazi hakunigombeza. Aliiweka disketi mapajani, akaipangusa vumbi la saruji kwa kidole, na hilo lilinichoma kuliko matusi. Mkutano kesho saa nne, gari ya kurudi mjini hakuna mpaka alfajiri. Mwisho akainuka, akajifunga kanga vizuri.

"Hapa kijijini iko moja," akasema. "Iko hotelini."

"Shangazi, hao ndio wanaotaka tuhame!"

"Najua. Wewe twende."

Jioni kabla ya magharibi tukaingia hotelini kwa mlango wa mbele, mimi nikijificha nyuma ya wanawake sita. Mapokezini alikuwepo Subira, binti wa kijiji hicho hicho, na mara alipomuona shangazi akasimama wima kama yuko darasani. Meneja akatoka ofisini kwake.

"Bwana meneja," akasema shangazi, "tumekuja kuomba kompyuta yako. Iko ripoti inayosema nimeridhia kuhama. Nataka kuiona, na sitaki kuiona kwa kujificha."

Nilitarajia atufukuze. Akakuna kidevu. "Ile ya serikali? Hata mimi nimeletewa barua tu, kitabu chenyewe sijakiona. Subira, watilie. Nami nisikilize."

Kwa hiyo watu wote tulikuwa tunaitegemea ripoti moja, na hapakuwa na aliyeisoma. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeibeba kifuani safari nzima nisijue imesema nini.

Ripoti ilikuwa ya Kiingereza. Kiingereza changu ni cha shule, na shule yenyewe ni ya zamani, lakini nikavuta kiti. Subira akatafuta neno mwani, kurasa zikapita, mpaka tukafika mahojiano ya Jambiani. Nikasoma nikifasiri polepole. Nikafika chini kabisa ya ukurasa wa arobaini na moja, nikausoma mstari wa mwisho mara mbili. Pale ilisema kwamba wakulima wengi waliohojiwa wako tayari kuhama.

Shangazi akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Meneja akatazama viatu vyake.

"Basi wametuzulia," akasema shangazi kwa sauti ndogo. "Wamekuja wakala muhogo wangu, wakaenda kunizulia."

"Ngojeni," akasema Subira, "ukurasa umekwisha, maneno hayajesha." Akateremsha.

Ukurasa wa arobaini na mbili ulianza na neno "iwapo." Iwapo wataonyeshwa kwanza pahala pengine penye mchanga mzuri na maji ya kutosha. Iwapo njia yao ya kushukia pwani haitafungwa. Na chini zaidi, katika mapendekezo, watafiti walishauri kwamba mikutano na wakulima wa mwani isiitishwe wakati wa bamvua, kwa sababu maji hutoka sana na wanawake wote huwa mashambani.

Shangazi akapiga meza kwa kiganja, simu ya mapokezi ikaruka. "Ndivyo nilivyosema! Ndivyo hasa! Na kesho ni bamvua, na wametuita saa nne!"

Aliyeandika ile barua alifika mwisho wa ukurasa akafunga kitabu. Sidhani kama kulikuwa na hila. Nadhani ilikuwa karibu na wakati wa chakula. Na mimi niliyebeba disketi sina haki ya kumcheka mtu.

Meneja mwenyewe ndiye aliyesema, "Subira, wachapishie kurasa hizo mbili. Na mimi nipe."

Siku ya pili, saa nne asubuhi, mkutano ulikuwa katika chumba cha skuli. Afisa aliyetoka mjini alikuta viti vitupu, wanaume wanne, na mimi. Akatazama saa yake, akasema kama akina mama hawakutaka kuja basi tuendelee. Nikamuomba angoje kidogo, kwa adabu zangu zote. Tulingoja. Kisha wakaingia, moja kwa moja kutoka majini, kanga zikichuruzika maji, wakaacha mstari wa maji na mchanga kutoka mlangoni hadi kwenye meza yake. Shangazi alikuwa amezitia zile karatasi ndani ya mfuko wa nailoni na kuufunga kichwani chini ya kilemba, zisirowe.

Akazitoa, akaziweka mezani mbele ya afisa.

"Mwanangu, soma hapo chini. Halafu geuza."

Afisa akasoma. Akageuza. Akasoma tena. "Hii mmeipata wapi?"

"Kwani ni siri?"

"Hapana," akasema taratibu. "Si siri. Imewekwa wazi kwa watu wote."

"Sisi ndio hao watu."

Akavua miwani. Akasema kweli, bila kuzunguka, kwamba barua aliikuta imeshaandikwa, na ripoti hakuwahi kuifungua. Akaandika katika kumbukumbu za mkutano kwamba hakuna kamba itakayong'olewa mpaka pahala pengine paonyeshwe, na wakulima wenyewe wapakubali. Shangazi akamtaka asome alichokiandika kwa sauti, mpaka mwisho wa ukurasa, na upande wa pili pia. Upande wa pili ulikuwa mtupu. Akaukagua hata hivyo.

Nilirudi mjini alfajiri ya siku ya tatu. Njiani nilikuwa na mengi ya kufikiri. Hawakuambiwa kwamba hawatahama kabisa. Waliambiwa kwamba maneno yao yatahesabiwa yote, na hilo si dogo. Nilifikiri pia juu ya lile neno "wazi." Kitabu kilikuwa wazi kweli, Bwana Nasri alikifungua bila kuniuliza jina. Lakini kutoka kile kichochoro mpaka uani kwa shangazi kuna masafa, kuna lugha, na kuna watu kama mimi wanaotaka kuonekana wa kisasa mbele ya mtu mwenye tai. Kama si ushujaa wa shangazi kuingia kwa mlango wa mbele, ripoti ingebaki wazi na yeye angehamishwa.

Nilipofika mtaani nilikaa barazani, mahali pangu, nikamsimulia Bi Riziki yote, disketi pamoja nayo. Nikamtajia na orodha niliyoiona kwa Bwana Nasri, kwamba humo imo hata ripoti ya mitaro yetu, nami iko siku nitakwenda kuitazama.

Alikuwa anafagia. Akausimamisha ufagio, akautazama mtaro uliojaa taka mbele ya milango yetu, ule unaotutia maji ndani kila masika. Kisha akanitazama mimi.

"Jambiani umefika, hapa mlangoni bado. Nyanyuka sasa hivi, Hamadi, kabla mvua haijanyesha, na safari hii uje na karatasi."