Marando ya Mama Adam

Mgeni aliyefika kwa Mama Adam wakati wa kiangazi alionyeshwa bafu kabla ya kuonyeshwa kiti.

"Umetoka mbali, jimwagie maji kwanza," Mama Adam alimwambia, na mgeni akaona huyu mama ana ukarimu wa ajabu.

Kumbe maji yale yalikuwa na safari yake. Yalipenya chini ya ukuta wa matete, yakafuata mfereji mwembamba kama mkia wa panya, yakaishia kwenye kitalu cha marando ya viazi vitamu nyuma ya bafu. Mgeni aliondoka msafi, na mwenye nyumba akawa amemwagilia bila kuinua ndoo. Watu wa nyumbani tu ndio waliolijua hilo, na mmoja wao alikuwa Noela, mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja.

Noela aliishi na bibi yake tangu ana miaka mitatu. Baba yake, Adam, alichimba dhahabu Nyarugusu, na mama yake aliwapikia wachimbaji huko huko. Kambi ya mashimo na baruti si mahali pa kumwachia mtoto anayejifunza kukimbia, kwa hiyo wakamleta kijijini, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Maganzo, akalelewa na bibi na shangazi yake Klara.

Mama Adam alikuwa muuza michembe. Alimenya viazi, akavikata vipande vyembamba, akavianika juu ya jabali hadi vikauke kama vijiti, kisha akavibeba hadi barabara kuu ya Maganzo. Kwa michembe hiyo aliwasomesha wanawe wawili baada ya mumewe kufariki, akaezeka nyumba kwa bati. Kupunguza bei hakukuwa tabia yake. Mara moja dalali wa almasi alisimamisha pikipiki, akataka apewe kopo kwa nusu bei kwa sababu ana haraka.

"Wewe ukipata kijiwe kama punje ya mtama unabishana nacho wiki nzima," Mama Adam akamwambia. "Mimi kopo zima nilitoe kwa haraka yako?"

Dalali akacheka, akalipa, na akarudi kila Jumamosi.

Noela alikaa pembeni yake siku za mapumziko, akafundishwa kazi. Usikitazame unachokitaka. Usiwe wa kwanza kutaja bei. Ukishaitaja, nyamaza, hata kama masikio yanawasha.

Kitu kimoja tu Mama Adam hakukiuza, nacho ni marando, yale mashina ya kupandia viazi. Viazi vyake vilikuwa na ganda jekundu na nyama nyeupe, na majani yake yalikuwa na mishipa ya zambarau. Mbegu nyingine zilikauka kila kiangazi, watu wakahangaika mvua zikianza. Yake ilikuwepo mwaka mzima nyuma ya bafu. Mtu akija kuomba, alimkatia fungu la kutosha mikono miwili, hakuchukua hata senti, ila alimwambia, "Siku nikija kwako mikono mitupu, nawe utanikatia." Watu walicheka. Mama Adam na mikono mitupu, wapi na wapi?

"Bibi," Noela alimuuliza siku moja, "michembe hupunguzi hata kidogo, lakini marando unagawa bure?"

"Nani kakuambia bure? Kamata ndoo, tukamwagilie."

Mwezi wa Septemba kifua kilimbana Mama Adam. Alipelekwa hospitali Shinyanga mjini, akakaa wiki mbili, akarudishwa nyumbani amekuwa mwepesi hivi kwamba Klara alimbeba peke yake kutoka kwenye bajaji. Noela alimnywesha uji, na kila jioni alitoa taarifa ya kitalu.

"Mvua bado?"

"Bado, bibi."

"Ndoo mbili. Na ule mwiba urudishie, ng'ombe hawana adabu."

Mwiba wenyewe ulikuwa tawi kubwa la mgunga lililoziba mlango wa ugo wa kitalu.

"Nimerudishia."

"Na kesho. Na keshokutwa."

"Kwani wewe utakuwa wapi?"

"Unadhani mtu anaumwa hivi kwa mchezo?" Akauvuta mkono wa mjukuu wake, akauweka chini ya shavu lake kama mtu anayetafuta mto mzuri, akafumba macho. Noela alikaa hivyo mpaka mkono ukafa ganzi, na hakuutoa.

Asubuhi ya pili bibi hakuamka.

Watu wakaja kutoka kila upande. Adam na mkewe walifika kutoka Nyarugusu na vumbi la njia nzima kichwani. Babu Thobias, kaka wa marehemu, alikuja kutoka Mhunze na mkokoteni wa ng'ombe uliojaa kuni na mapipa ya maji. Na kama ilivyo desturi, hakuna aliyegusa jembe. Mpaka matanga yaondolewe, shamba linalala na watu wanakaa na wafiwa.

Noela alikaa na wanawake kwenye mkeka, lakini akili yake ilikuwa nyuma ya bafu. Jioni ya kwanza ilipita bila ndoo mbili. Ya pili pia. Siku ya maziko, mwalimu wa kanisa alipokuwa akisoma, yeye aliyaona marando yakinyauka kana kwamba yako mbele ya macho yake. Waliporudi kutoka makaburini, akajipenyeza, akachota ndoo, akauvuta mwiba pembeni na kuingia. Alimwaga ya kwanza. Alikuwa anamwaga ya pili aliposikia Klara akimwita: "Noela, sahani! Watu wanakula kwenye nini?"

Akakimbia. Mwiba ukabaki pembeni.

Ng'ombe wa babu Thobias walikuwa wamefunguliwa nira wapumzike, na hawakuwa wameona jani bichi tangu Julai. Noela aliporudi alikuta ardhi tupu iliyokanyagwa, na dume mmoja mweupe akitafuna kipande cha mwisho, ameduwaa, kama mgeni asiyejua kwa nini mwenye nyumba amenuna.

Hapo ndipo Noela alipolia. Kwa bibi hakuwa amelia bado, kila mtu alishaliona hilo, na wengine walishaanza kunong'ona. Klara akamkuta amechuchumaa katikati ya kitalu.

"Nilikuwa namwagilia," alisema. "Aliniambia ndoo mbili."

Klara akatazama mfereji kutoka bafuni. Ulikuwa umejaa maji. Waombolezaji zaidi ya hamsini walikuwa wakioga pale tangu juzi.

"Mwanangu," alisema taratibu, "hiki kitalu hakijawahi kunywa maji mengi kama wiki hii." Akachuchumaa naye. "Angekuwepo angekucheka mpaka apaliwe." Kisha wakalia wote wawili.

Matanga yalipoondolewa, Noela alikuwa ameshaamua. Mvua zilikuwa karibu. Bila marando, mwaka ujao jabali la bibi lingekaa tupu, na viazi vile vyekundu vingekuwa hadithi tu. Akafuata njia ya kwa Agnetha, mama Abel, ambaye nyumba yake iko bondeni kwenye unyevu, kwani alidhani kwa wengine wote yameshakauka.

Lilikuwa jambo gumu. Miaka miwili nyuma Agnetha alikuwa amepewa fungu kama wengine, akavuna vizuri, kisha akaweka benchi lake barabarani kando ya benchi la Mama Adam. Mama Adam aliwaambia abiria wa basi zima kwamba michembe ile inafanana na magome ya mti. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Msibani Agnetha alikuja, akasimama nyuma, akaondoka kabla ya chakula.

"Mwangaluka, mama," Noela alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Kaa."

Agnetha alikuwa anapepeta choroko. Noela akaketi, akakaza macho kwenye ungo, asitazame upande wa pili wa ua, ambako majani yenye mishipa ya zambarau yalitanda juu ya ardhi yenye unyevu.

"Choroko zenu zimebunguliwa kidogo," alisema.

Ungo ukasimama. "Umetumwa kukagua choroko zangu?"

"Hapana, nimekuja kusalimia."

"Wa kwa Mama Adam hamjui kuja kusalimia tu. Sema."

"Ng'ombe wa babu wamekula marando."

"Nimesikia. Yote?"

"Yote."

"Pole." Ungo ukaendelea. "Mvua zikianza nenda gulioni Mhunze, yanauzwa."

"Yale si kama haya."

"Haya yapi?"

Noela akagundua kwamba ametazama. Kanuni ya kwanza ilikuwa imekwenda na maji. Akaona bora aseme tu.

"Bibi alikukatia fungu. Alisema siku akija mikono mitupu, nawe utamkatia."

"Alisema akija yeye. Wewe ndiye yeye?"

"Mimi ndiye niliyebaki."

Kisha akanyamaza. Masikio yalimwasha kwelikweli. Kuku mmoja alipita katikati yao, akadonoa choroko mbili, akaondoka bila kufukuzwa.

"Bibi yako alinidhalilisha mbele ya basi zima," Agnetha alisema mwishowe. "Eti michembe yangu ni magome ya mti."

"Ilikuwa inafanana nayo," Noela alijibu, neno likamtoka kabla hajalikamata.

Agnetha akamkazia macho. Pembe ya mdomo wake ikacheza. "Ilifanana, ee. Na yake ilikuwa nyeupe. Mbegu ni hiyo hiyo, jua ni hilo hilo, hata jabali nilitafuta. Alikuwa anafanyaje?"

Noela akajua sasa kinachotafutwa. Alikuwa anajua pia jibu: maji ya chumvi kidogo, vipande vilale humo kabla ya kuanikwa, na kazi ianze alfajiri ili jua la siku nzima livikaushe. Bibi alikuwa akifunga mlango kabla ya kutia chumvi.

"Najua alivyofanya," alisema.

"Niambie, nikukatie."

"Sikuambii. Nitakuonyesha. Viazi vyetu vikikomaa, mwezi wa sita, siku ya kukata michembe, uje nyumbani na kisu chako."

"Mwezi wa sita! Na marando unayataka leo?"

"Leo. Bila marando hakuna viazi. Bila viazi nitakuonyeshea kwenye nini?"

Agnetha akaweka ungo chini. "Hivi wewe," alisema, "umelelewa na nani?" Alilijua jibu. Akafuta macho kwa ncha ya kanga, akalaumu vumbi la choroko, akachukua kisu.

Alikata mafungu mawili, akichagua ncha zenye nguvu, akayafunga kwa kamba ya katani.

"Mwanzoni nilitaka mbegu hii iitwe ya Mama Abel," alisema akiyakabidhi. "Watu hawakunielewa. Mtu anakuja hapa uani kwangu anasema, nikatie yale ya Mama Adam."

Noela alirudi na mzigo kichwani, na njiani, kwa mara ya kwanza, alitazama nyua za watu. Kwa mzee Magesa, kando ya karo, majani yenye mishipa ya zambarau. Kwa mwalimu Dorah, nyuma ya tangi. Kwa Maduhu, chini ya ugo wa minyaa, yamefunikwa nyasi yasichomwe na jua. Alihesabu nyumba tisa kabla ya kufika kwao, na huo ulikuwa upande mmoja tu wa kijiji. Bibi hakuwa amegawa bure hata siku moja. Alikuwa ameweka shamba lake lote kwa watu, mahali ambapo ng'ombe wa mtu mmoja wasingeweza kulimaliza.

Akasimama katikati ya njia. "Bibi wewe," alisema kwa sauti, akacheka peke yake, na machozi yakamfikia mdomoni.

Nyumbani, Adam na mkewe walikuwa wamefunga mabegi, wanasubiri bodaboda ziwapeleke stendi. Noela alipanda marando pamoja na Klara mpaka kitalu kikajaa, akaurudisha mwiba, akautikisa kuhakikisha. Kisha akamwendea baba yake.

"Baba, umeoga?"

"Asubuhi."

"Oga tena. Nyarugusu ni mbali."

Adam akamtazama binti yake, akatazama mikono yake yenye udongo, akatazama bafu. "Enzi zangu," alisema, "mama aliniogesha mara tatu kwa siku. Nilidhani nanuka kuliko watoto wote wa kijiji."

Akachukua ndoo, akaingia. Noela akaketi mwishoni mwa mfereji, miguu imekunjwa, akisubiri. Kisha kopo likagonga ndoo, na maji yakaja polepole, yakibeba povu, yakazunguka shina la kwanza, yakaenda la pili.