Kikohozi cha Baba Mkwe

Kwetu sisi Wanyakyusa wa enzi zile, binti akishachumbiwa hamtazami tena baba wa mchumba wake. Hamtazami, hamtaji jina, na akisikia anakuja njiani anaingia migombani mpaka apite. Naye mzee, kama ana adabu zake, hukohoa kutoka mbali ili wake za wanawe wapate nafasi ya kukimbia. Mimi nilichumbiwa na dresa, mfunga vidonda wa hospitali ya Mbeya, nikiwa bado shule, na sura ya baba yake sikuwa nimeiona hata mara moja. Lakini kikohozi chake! Kilianza kifupi, kikavutwa, kikaishia kama mtu anayeng'oa kisiki.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini. Darasani nilikuwa wa kwanza, na hakuna aliyekuwa na wasiwasi kwamba chuo cha ualimu cha wasichana, upande wa Iringa, kingenichukua. Shangazi alikuwa amekwisha kuanza kuniita mwalimu mbele ya majirani, kwa sauti ya juu, hasa wale wasiokuwa na haja ya kusikia. Nikapanda basi kwenda kwenye usaili. Chimala tulishuka tukala wali, na njia nzima iliyobaki niliimba mpaka utingo akaniomba nipumzike kidogo.

Nikarudi nyumbani, tukangoja. Siku moja mwalimu wangu mkuu akapandisha mlima kwa miguu, akakataa kukaa, akasema sikuchaguliwa. Nililia nikalala na gauni la safari. Nilitaka ualimu kuliko kitu chochote duniani, na mwaka uliofuata ungekuwa wa mwisho kwangu, maana chuo hakikupokea wasichana waliozidi umri.

Hapo ndipo ukoo mzima ulipogeuka kuwa wapelelezi. Shangazi alisema wazungu waliniona mwembamba, wakahofu nitawafia mikononi, akaanza kunilisha ndizi na maziwa kama ndama. Baba alisema watu wa Iringa wanachukua watoto wa kwao tu. Mama alisema ni lile basi: ningekaa kimya badala ya kuimba, sauti isingenikauka. Kila jioni hoja mpya iliwekwa mezani pamoja na chakula, na kila mtu aliipenda ya kwake.

Bibi peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana. "We mtoto, huko ndani ulikaaje?"

"Sikukaa, bibi. Nilitoka."

"Ulitoka kupitia wapi?"

"Dirishani."

Wote wakanigeukia. Haki ya Mungu sikuwa nimeficha neno. Sikuona tu kama ni habari ya kusimulia, kwa sababu msichana yeyote wa kwetu angefanya vile vile. Mle ndani walikaa watu watatu: mama mkuu wa chuo, ambaye alikuwa mzungu, mwalimu mmoja, na mzee aliyeletwa na baraza la wilaya yetu. Nililetewa kiti. Nilikuwa nimeingia macho chini, kama nilivyofunzwa. Jina langu likasomwa, na yule mzee akakohoa. Kifupi, kikavutwa, kisiki kikang'oka. Mlango ulikuwa upande wake, dirisha upande wangu. Miguu haikuniomba ruhusa.

Bibi alipiga vigelegele mpaka kuku wakaruka. "Dirishani! Kwa heshima ya mkwe! Nani mwingine ana mjukuu kama huyu?" Baba naye alitaka kukasirika, akashindwa, akatoka nje kucheka asionekane.

Mchumba wangu akatuletea upande wa pili wa habari. Kumbe mzee alinikohoa makusudi, kunionya, akasahau kwamba chumba hakina migomba. Kisha mwenyewe akageuzia uso ukutani, na mama mkuu akabaki anatazama dirisha, anatazama mgongo. Walipotaka maoni yake juu yangu, mzee wa watu hakuweza hata kulitamka jina langu, maana mwiko ule ni wa pande zote mbili. Akanyamaza. Wakadhani hanitaki.

"Na mwakani ni baba huyo huyo atakayekaa," alisema mchumba wangu. "Basi turudishe ng'ombe wa mahari."

Nilimpenda yule dresa, nasema wazi. Lakini alikuwa amepiga hesabu: posa ikivunjwa, baba yake si mkwe wangu tena, na mtoto wa watu anaruhusiwa kukaa mbele ya mzee yeyote. Nikishapita usaili, posa ifungwe tena na ng'ombe warudi kwetu. Mzee alikubali siku hiyo hiyo. Baba alinung'unika kwamba tutachekwa hadi Chunya, na kweli tulichekwa. Ng'ombe wa mahari wakashuka bondeni wakiwa na nyuso za kushangaa. Mwaka mzima nilikuwa sina mchumba, na kila muuguzi mrembo niliyemwona mjini nilimwombea safari ya mbali.

Mara ya pili niliingia chumba kile kile. Dirisha walikuwa wamelifunga kwa kamba. Niliketi. Mzee akaniuliza, kwa jina langu, kwa nini nataka kufundisha, na mimi nikainua macho nikamtazama. Alikuwa na mwanya, na nyusi moja yenye mvi kabla ya nyingine. Nilijibu nini sikumbuki. Nakumbuka kwamba alitabasamu, na tabasamu lilianzia upande wa kushoto.

Nilichaguliwa. Ng'ombe walipanda tena mlima, safari hii bila kuswagwa, maana njia walishaizoea. Tangu siku hiyo, kila alipokohoa njiani niliingia migombani, na mara nyingi nilimsikia akicheka upande wa pili wa majani.

Alikufa mimi nikiwa mwalimu wa miaka mingi. Msibani wake za wanawe tulikaa jikoni tumejifunika kanga. Wenzangu walikuwa wamempikia mzee yule maisha yao yote ya ndoa bila kumwona. Mkubwa wetu akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, baba alikuwaje usoni?"

Wote wakasogea kunisikiliza. Nikafunua kanga, nikaanza na mwanya.