Programu ya Tembo

Vijana waliokuja kijijini kwetu Sitalike na programu yao ya simu walituahidi kutuonyesha tembo walipo dakika hiyohiyo. Mkwe wangu, ambaye huamini kila kinachong'aa, akaniwekea kwenye simu.

"Nyie mtajuaje walipo?" niliwauliza.

Wakacheka. "Bibi, wewe tulia tu."

Nikatulia. Jioni moja, mahindi ya chakula chetu cha mwaka yakiwa yamekomaa, nikasikia mabua yanavunjika. Tembo walikuwa shambani na simu iko kimya. Nikachukua debe nikalipiga. Ndipo simu ikaita, alikuwa binti mmoja kati ya wale vijana wa programu.

"Shikamoo bibi. Tunakusanya taarifa. Huko kwenu kuna tembo sasa hivi?"

"Marahaba. Wapo kwangu, wanakula."

"Safi sana, bibi. Unaweza kuwapiga picha?"

Nikamwambia aje awapige mwenyewe, nikakata.

Tembo waliondoka wameshiba. Nilikuwa naokota mahindi waliyoyaacha chini, simu ikalia tena kunionya kwamba tembo wameonekana karibu nami.

Mkwe wangu akafurahi. "Umeona, mama? Inafanya kazi."

 Nilimpa mpumbavu yule kapu aokote.