Sahani za Watu

Zuena alipohamia ploti yetu hapa Bungoma, nyuma ya msikiti, alikuja na pikapu moja, na hata hiyo pikapu haikujaa. Alikuwa ametoka Kitale na mume, watoto wawili na ndoa ya miaka mingi. Familia ya namna hiyo ukiona mzigo wake unacheza ndani ya pikapu, unajua kuna vitu vingi vilivyobaki kwa watu. Sikumwuliza. Mimi ni muuza mboga, nakaa mbele ya geti na mafungu yangu ya saga na kunde tangu asubuhi, na sina haraka ya kujua mambo ya mtu kwa sababu yote hupita mbele yangu.

“Tumekuja kwa muda tu, Mama Wanjala,” aliniambia wiki hiyo hiyo. “Baba Zahid anapanga mambo yake. Yakikaa sawa tunarudi Kitale.”

Nikamwambia karibu. Chumba alichopata ni kama changu, kimoja chenye dirisha moja. Landilodi wetu hukiita singo, nadhani anaona neno la Kizungu linakiongezea upana. Zuena alikigawanya kwa pazia la leso. Upande wa mlango alilala Zahid, kijana wa sekondari, na upande wa ndani akalala yeye na Aaliyah, msichana wa miaka tisa mwenye maswali mengi kuliko mwalimu. Salman, mumewe, aliendesha kanta, lori dogo la mtu, akiwabebea wafanyabiashara wa soko la Misikhu mizigo yao. Alikuwa akija Jumamosi giza likishaingia, akiondoka Jumapili kabla ya kucha. Kwa muda mrefu mimi nilimjua kwa kikohozi tu.

Zuena alikuwa hodari wa kuficha, nami napenda kumtazama mtu hodari. Maziwa yalipomshinda alipika turungi, akawaambia watoto ni agizo la daktari. Kwangu alinunua fungu dogo kuliko yote, akasema watoto wake hawapendi mboga, na jioni nilimwona Aaliyah akikomba sufuria kwa kidole mpaka chini. Sare ya mtoto ilipokuwa fupi aliishusha pindo mwenyewe, kwa uzi wa rangi ile ile, ungedhani imenunuliwa jana. Asubuhi alitoka nadhifu, buibui limenyooshwa kwa pasi ya kuazima, akateka maji bombani kama mgeni anayepita. Hatukumcheka. Sisi sote hapa tumewahi kufunika sufuria tupu ili jirani asione. Lakini tulimwona.

Sasa nije kwenye sahani.

Huku kwetu mtu akikuletea chakula, sahani yake huirudishi tupu. Unaiosha, unaweka kitu ndani: mayai mawili, ndizi, majani ya chai kwenye kikaratasi, chochote ulicho nacho. Sisi Wabukusu tuko hivyo, na Waislamu wa mjini nimewakuta hivyo, hata sijui nani alimfunza mwenzake. Zuena alipofika nilimpelekea viazi vitamu kwenye bakuli langu la maua. Bakuli hilo nililinunua mwenyewe Webuye na silitoi kwa kila mtu. Akalipokea kwa mikono miwili, akasema, “Asante, dada. Bakuli nitalileta.” Nikangoja. Jirani mwingine akapeleka maharagwe, naye akangoja. Kisha ikaingia Ramadhani, na hapo ndipo mambo yalipokuwa mambo.

Mwenye chumba cha kona ni Mulki, na jiko lake ndilo kubwa kuliko yote ya ploti. Hukaanga sambusa na kaimati za kuuza kwenye mahoteli. Mwezi wa mfungo hapitishi jioni bila kutuma sahani kwa majirani, Muislamu na Mkristo sawa. Kwa Zuena alituma zaidi, kwa kuwa ni mgeni na ni mwenzake wa msikitini. Sahani zikaenda na sambusa, na viazi karai, na tambi, na tende. Zikaenda tu. Haikurudi hata moja.

Maneno yakaanza bombani. Mmoja akasema ni maringo ya Kitale. Mwingine akasema labda anaziuza. Mimi nilisema nataka bakuli langu. Nilikasirika, na sioni haya kusema hivyo, maana bakuli ni langu.

Mulki ndiye aliyenifanya nione kuwa jambo hili si la bakuli tu. Idi ilikuwa inakaribia, oda zilikuwa zimemlemea, na alitafuta mwanamke wa kumsaidia kukanda na kukunja sambusa. Haikuwa kazi ya Idi peke yake, alitaka mtu wa kila siku. Nikamtajia Zuena. Mulki aliacha kukatakata vitunguu, akanitazama.

“Yeye ndiye nilikuwa nimefikiria wa kwanza,” akasema. “Mikono yake ni mizuri, nimeiona. Lakini Mama Wanjala, mtu hata sahani harudishi, ati nimwachie unga na mafuta? Si atanimaliza, bana.”

Nilijua Zahid alikuwa amefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Nilijua landilodi alikuwa ameanza kuugonga mlango ule kwa ngumi. Kazi hiyo ingemfaa Zuena kuliko mtu yeyote katika ploti nzima, nayo ilikuwa inampita kwa ajili ya vyombo. Basi nikazifunika mboga zangu kwa gunia lenye maji, nikaenda kudai bakuli langu, na akijibu vibaya nimpe vidonge vyake.

Nilibisha na kuingia kabla hajasema karibu. Aaliyah alikuwa ametoka shule, amekaa mkekani anakula ugali ndani ya sufuria. Mboga zake zilikuwa kwenye kifuniko cha sufuria hiyo hiyo.

“Mama Zahid, nimekuja kuchukua bakuli yangu.”

Zuena alipiga magoti, akavuta katoni kutoka chini ya kitanda. Sahani zote zilikuwa mle. Zile za Mulki zenye ukingo wa kijani, ile ya maharagwe ya jirani, zote zimeoshwa na kuwekewa gazeti katikati zisikwaruzane. Bakuli langu alikuwa ameliviringisha kwenye mtandio wake.

Niliitazama katoni, nikakitazama kifuniko kilicho mbele ya mtoto.

“Nyinyi mnakulia kwa nini?” nikauliza.

“Kwa sufuria,” Aaliyah alinijibu. “Hizo ni sahani za watu. Mama amekataa tuzitumie.”

“Na zenu?”

Ndipo Zuena alipoketi kitandani akaniambia. Salman alikuwa na lori lake mwenyewe, akinunua mahindi Ndalu na Tongaren na kuyauza Kitale. Injini ikafa. Wakakopa kuitengeneza, wakakopa tena kulipa walikokopa, na mwisho lori likapigwa mnada. Nyumba ya vyumba vitatu ikafuata. Makochi yakaenda, friji ikaenda, na kabati la vyombo likaenda na kila kilichokuwa ndani, kwa sababu mnunuzi alitaka vyote pamoja au aache vyote. Kule Kitale, alisema, mwezi wa mfungo sahani za kwanza kupelekwa kwa majirani zilikuwa zake.

“Kila sahani ikija naiosha, nasema kesho nitapata kitu cha kuweka ndani,” akasema. “Kesho inakuja nyingine. Sasa nizirudishe tupu, dada? Watu watasema nini?”

“Wanasema tayari!” Nilipaza sauti, Kibukusu kikanishika ulimi, Mungu anisamehe, mbele ya mtoto. “Wanasema wewe ni mwizi! Mulki alikuwa anataka kukupea kazi, ya kira siku, amekataa juu ya hizi sahani! Si ungeweka hata chumvi? Chumvi si uko nayo? Weka chumvi, bana, urete!”

Aliinamisha uso. Aaliyah aliacha kutafuna. Moyo uliniuma pale pale, kwa sababu watoto wa mwanamke huyu walikuwa wakila kwenye kifuniko ili vyombo vyetu visiguswe, na sisi tulikuwa bombani tukimsengenya.

Nikashusha sauti. Nikamwambia nitaleta mayai na nyanya kutoka kwangu, tuweke kidogo kwenye kila sahani, azipeleke jioni, na hakuna atakayejua.

“Hapana,” akasema. “Hivyo vitakuwa vyako. Nitakuwa nimewadanganya, na wewe pia nitakuwa nina deni lako.”

“Basi utakaa nazo mpaka rini?”

Nikaunyoosha mkono kuchukua bakuli langu, naye akaweka wake juu ya bakuli.

“Liache,” akasema. “Nitalileta mwenyewe.”

Niliondoka mikono mitupu, na hasira sikuwa nayo tena.

Siku iliyofuata, alasiri, jua likiwa bado kali na ploti imejaa watu, mlango wake ulifunguka. Alitoka amekumbatia katoni, Aaliyah nyuma yake. Angeweza kungoja giza, kama mumewe. Alianza na mimi pale getini, na wateja wangu wawili wamesimama.

“Mama Wanjala, bakuli lako hili,” akasema. “Sina kitu cha kuweka ndani.”

Hakunong’ona. Mimi nina mdomo, waulize watu wote wa hapa, lakini siku hiyo mikono ndiyo iliyomjibu. Nililipokea kwa mikono miwili. Akaenda mlango wa pili akasema maneno yale yale, akaenda wa tatu. Watoto waliacha mpira wao wakamtazama. Mwenye sahani ya maharagwe alitaka kusema ah, usijali, lakini Zuena alikuwa ameshageuka.

Mwisho akafika kwa Mulki, ambako sahani zilikuwa nyingi zaidi. Mulki alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Zuena akazipanga juu ya benchi moja moja.

“Zako, dada Mulki. Zimechelewa. Nilitafuta kitu cha kuweka ndani nikakosa. Sina.”

Mulki alizitazama sahani, akafuta mikono kwa kanga, akaifuta tena ilhali ilikuwa imeshatakata.

“Wallahi mimi nimekusema vibaya,” akasema. “Bombani. Mbele ya watu.”

“Nilisikia.”

“Na hukuja kuniuliza?”

“Ningekuuliza nini, na sahani zako ziko kwangu?”

Mulki alicheka kicheko kifupi cha aibu, kisha machozi yakamtoka. Hakuomba msamaha kwa maneno mengi. Alilisogeza beseni la unga mpaka katikati ya meza, akavuta kigoda cha pili kwa mguu.

“Osha mikono,” akasema. “Kuna oda ya hoteli mbili, na mimi peke yangu sifiki.”

Zuena akaosha mikono.

Nilimhofia mumewe. Salman ndiye aliyekuwa mwenye lile neno la “tumekuja kwa muda tu”. Tangu wahamie alikuwa amekataza kununua chombo chochote, ati utakuwa mzigo wa kurudi nao Kitale, na Zuena kwa kumheshimu hakununua hata kijiko. Jumamosi alipofika, walipokwisha kufuturu, nikamsikia. Ukuta wetu ni mwembamba na mimi sikujiziba masikio.

“Ile katoni iko wapi?”

“Nimerudisha sahani za watu.”

“Uliweka nini?”

“Sikuweka kitu. Niliwaambia hatuna.”

Nikasema moyoni, sasa patawaka. Mwanamume aliyekuwa na lori lake, aliyekuwa akiingia kwa giza wiki zote hizo ili tusimwone, mkewe amemtangaza mlango kwa mlango mchana kweupe.

“Uliwaambia wote?”

“Wote.”

“Wakasemaje?”

“Nimepata kazi kwa Mulki. Nimeshaanza.”

Salman alivuta pumzi kama mtu aliyeshusha gunia la mahindi mgongoni. Kelele niliyoingoja haikuja.

Jumapili hiyo hakuondoka kabla ya kucha. Nilipofika getini na mboga nilimkuta amekaa mlangoni kwake juu ya ndoo iliyopinduliwa, jua limemwangaza. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani, na alikuwa na mvi nyingi. Hakuinuka kukimbia.

“Habari ya asubuhi, Mama Wanjala,” akasema. “Ati sahani nzuri hapa zinauzwa wapi?”

Nikamwelekeza duka lililo nyuma ya stendi. Akashukuru, akageuza kichwa ndani ya nyumba.

“Aaliyah, vaa viatu twende. Tuko wanne, tutachukua nne.”

Zuena akatokea mlangoni, anajifunga mtandio kwenda kwa Mulki.

“Chukueni tano,” akasema.

“Ya tano ya nani?” Aaliyah akauliza.

“Ya kupeleka kwa watu.”